Betri za Vifaa Tiba: Jinsi ya Kuzichagua, Kuzipima na Kuzitunza

Taa ya kijani kwenye monita ya mgonjwa inakueleza jambo moja tu: chaja imeridhika. Haikwambii betri itaibeba mashine kwa dakika ngapi umeme ukikatika. Betri ya miaka minne iliyobakiwa na robo ya uwezo wake nayo huwasha taa hiyohiyo, tena mapema kuliko betri mpya, maana kidogo hujaa upesi. Ndiyo sababu wodi nyingi hugundua betri mbovu usiku uleule inapohitajika.

Mwongozo huu unamfaa fundi wa vifaa tiba, muuguzi wa zahanati isiyo na fundi wake, na yeyote anayemuuguza mtu nyumbani kwa mashine. Sehemu kubwa ya kazi haihitaji karakana. Multimita, saa, daftari na kalamu ya wino usiofutika vinatosha.

1. Zunguka na daftari kwanza

Pita chumba kwa chumba uandike kila kifaa chenye betri. Oksimita na mashine ya presha kila mtu anazikumbuka. Zinazosahaulika ni betri zilizojificha ndani ya mashine za umeme: pampu ya dripu, pampu ya sindano, ventileta, taa ya dharura ya chumba cha upasuaji, meza ya upasuaji inayopanda na kushuka kwa umeme, hata kibetri cha saa kilicho kwenye bodi, ambacho kikifa mashine husahau tarehe au mipangilio yake. Usiiache betri ya kuwashia jenereta. Mara nyingi jenereta inapogoma, injini ni nzima na tangi lina dizeli. Kilichokufa ni betri ya stata.

Kwa kila kifaa andika mahali kilipo, aina ya betri, volti, uwezo wake kwa ampea-saa (Ah), tarehe ilipofungwa, na muda inaotakiwa kubeba mzigo. Safu ya tarehe itakuwa tupu karibu yote. Usishangae, wala usibuni. Andika "haijulikani" na uichukulie betri hiyo kuwa mzee mpaka ipimwe.

Kisha tenga vifaa kwa swali moja: kikizimika ghafla, mgonjwa ana dakika ngapi? Ventileta, kifaa cha kushtua moyo, mashine ya kunyonya majimaji na pampu inayompa mgonjwa dawa ya kupandisha presha vinakaa kundi la kwanza, na ndivyo vitakavyopimwa mara nyingi zaidi. Kipimajoto cha kidijitali hakihitaji ratiba yoyote. Kikizima, weka betri nyingine.

2. Tambua aina ya betri, kwa maana kila aina ina tabia yake

Betri ya risasi iliyofungwa, ambayo wengi huiita betri kavu, ndiyo utakayoikuta kwenye UPS (kisanduku cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika), mashine nyingi za kunyonya majimaji, meza za upasuaji na monita za zamani. Huwa ya volti 6 au 12. Ni ya bei nafuu na mvumilivu wa kuchajiwa muda wote, lakini ina adui wawili: joto, na kukaa bila chaji. Ikiachwa tupu wiki kadhaa, chumvi ya salfeti hugandamana kwenye bamba zake, na chaja haiiondoi tena.

Lithiamu-ayoni imeenea kwenye monita, pampu na mashine za ultrasaundi za kubebeka. Seli moja ina volti 3.6 au 3.7, na ikijaa hufika 4.2. Ni nyepesi na hubeba nguvu nyingi, ila inahitaji saketi ya kuilinda na haipendi kukaa imejaa kwenye joto. Ndugu yake, lithiamu ya chuma na fosfeti, ina volti 3.2 kwa seli, ni tulivu zaidi na hustahimili mizunguko zaidi ya 2,000 ya kuchajiwa. Kwa mfumo wa sola au inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani) ya kituo cha afya, hiyo ndiyo ningeichagua leo pesa ikiruhusu.

Nikeli zipo za aina mbili, ya kadimi na ya metali-haidraidi, zote volti 1.2 kwa seli. Utazikuta kwenye vifaa vya zamani na mipini ya kuchunguzia masikio. Hupoteza chaji zenyewe zikikaa tu. Kadimi ni sumu, hivyo haitupwi ovyo.

Zisizochajiwa ni alkalaini (AA, AAA na C za mpini wa laringoskopu, kifaa cha kuangalizia koo), lithiamu bapa kama CR2032 ya kipimo cha sukari, na betri za zinki na hewa za vifaa vya kusaidia kusikia. Betri ya AED, kile kifaa cha kushtua moyo kinachowekwa viwanja vya ndege na ofisini, nayo kwa kawaida haichajiwi. Imetengenezwa ikae miaka minne au mitano ikisubiri. Iangalie tarehe yake, wala usijaribu kuichaji.

3. Piga hesabu ya muda unaohitaji

Hapa watu huruka, kisha hulalamika kwamba betri ni mbovu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi mfululizo. Betri iliyo ndani ya monita haikutengenezwa kwa usiku wa namna hiyo. Kazi yake ni kushika mgonjwa anapohamishwa kutoka chumba cha upasuaji kwenda wodini, au kuziba pengo mpaka jenereta iwake. Kama kituo hakina jenereta, swali linahamia kwenye inveta na betri kubwa za nje.

Chukua mashine ya kuzalisha oksijeni ya lita 5 kwa dakika. Hula wati 350 hivi. Tuseme unataka ifanye kazi saa 4:

350 × 4 = wati-saa 1,400.

Inveta nayo hula. Ikiwa ufanisi wake ni asilimia 85, gawanya kwa 0.85 na utapata takriban wati-saa 1,650. Betri za risasi zikitumiwa kupita nusu kila mara hufa mapema, kwa hiyo zidisha mara mbili: wati-saa 3,300. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea-saa 275. Yaani betri moja ya Ah 100 aliyokuuzia jirani haitoshi hata kidogo, na tatu zinatosha kwa ziada ndogo. Kwa lithiamu ya chuma na fosfeti unaweza kutumia asilimia 80 ya uwezo. Hesabu inashuka hadi karibu Ah 160 kwa volti 12.8.

Jambo lingine: namba ya Ah kwenye betri ya risasi hupimwa kwa kuitumia polepole ndani ya saa 20. Betri ya Ah 7 itatoa ampea 0.35 kwa saa 20 kweli. Ukiidai ampea 7, haikupi saa nzima. Huishia nusu saa na ushee. Mashine ya kunyonya majimaji ni mlaji wa kasi, kwa hiyo usiikadirie kwa hesabu ya karatasi peke yake. Ipime.

4. Kununua

Soma kwanza betri ya zamani na kitabu cha mashine. Volti ziwe zilezile bila mjadala. Ah ziwe sawa. Zikizidi kidogo mara nyingi hakuna tabu kama umbo linaingia, ila chaja itachukua muda mrefu zaidi. Pima urefu, upana, kimo, na upana wa vichwa: betri ndogo za risasi zina vichwa vya milimita 4.75 au 6.35, na waya wa kimoja haukai vizuri kwenye kingine. Fundi anayeminya kiunganishi kwa koleo ili kishike anajitengenezea hitilafu ya mwezi ujao.

Usibadilishe aina. Chaja ya betri ya risasi haijui kuchaji lithiamu-ayoni, hata kama volti zinakaribiana. Kama betri ya mashine ina nyaya tatu au zaidi, zile za ziada ni za kipimajoto au za kuwasiliana na mashine, na betri isiyo nazo itakataliwa au, vibaya zaidi, itachajiwa bila ulinzi. Kwa ventileta na kifaa cha kushtua moyo, nunua kwa wakala wa mtengenezaji, hata ukisubiri. Kwa UPS na mashine ya kunyonya majimaji, betri nzuri ya dukani inafanya kazi.

Ukienda madukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, nenda na multimita na mizani ndogo. Betri halisi ya risasi ya volti 12 na Ah 7 huwa na uzito wa kilo 2 na zaidi. Ikiwa na kilo moja na nusu, risasi iliyopungua ndiyo muda utakaoukosa. Pima volti palepale kaunta. Ikisoma chini ya 12.5, imekaa rafuni muda mrefu bila chaji, iache. Tafuta tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa au kuchapwa. Kwa seli za lithiamu za umbo la 18650, yaani zile ndefu kidogo kuliko AA, ukiona lebo ya mAh 9,900 (mAh 1,000 ni sawa na Ah 1) cheka na uondoke, kwa kuwa seli nzuri ya ukubwa huo huishia karibu 3,500. Nyingi za hizo ni seli zilizotolewa kwenye kompyuta za mkononi zilizochakaa na kuvalishwa plastiki mpya.

Ukiandika zabuni, weka sharti kwamba betri isiwe imetengenezwa zaidi ya miezi sita kabla ya kupokelewa. Na usinunue za miaka mitatu kwa mkupuo kwa sababu bei ni nzuri. Betri huzeeka stoo.

Neno kuhusu mashine za msaada zinazokuja kwa kontena. Zimekaa ghalani ng'ambo, zikasafiri baharini, zikasubiri bandarini, zikalala stoo ya hospitali. Betri zake zichukulie zimekufa hadi zithibitishe vinginevyo, na ziwekwe kwenye bajeti siku mashine inapopokelewa. Kabla ya kuchomeka, soma kibandiko cha nyuma: mashine ya Marekani ya volti 110 au 120 pekee, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240, unapoteza chaja na labda mashine nzima.

5. Kubadilisha

Toa mashine kwa mgonjwa, izime, chomoa waya wa ukutani. Vua pete na saa ya chuma. Piga picha ya nyaya kabla ya kugusa kitu, na uandike mipangilio ambayo mashine inaweza kuisahau. Kwa betri kubwa kama ya jenereta, toa waya wa hasi kwanza na uurudishe mwisho. Safisha viunganishi vyenye kutu. Kagua fyuzi.

Betri zilizofungwa mfululizo, kama mbili za volti 12 kufanya 24, hubadilishwa zote kwa pamoja. Ukichanganya mpya na nzee, ile nzee hujaa na kuisha kabla ya mwenzake, hivyo mpya nayo huharibika kwa kuchajiwa vibaya. Vivyo hivyo kwa AA nne za mashine ya presha: zote za aina moja, siku moja.

Andika tarehe juu ya betri yenyewe kwa wino usiofutika, na kibandiko kingine nje ya mashine mahali muuguzi anapokiona. Chaji hadi ijae, pima kama ilivyoelezwa hapa chini, ndipo mashine irudi wodini.

6. Kupima, na ndiyo kazi yenyewe

Multimita inakupa picha ya kwanza. Betri ya risasi ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa bila chaja ikisoma 12.8 au zaidi, imejaa. Ikisoma karibu 12.2, imebaki nusu hivi. Chini ya 11.9, imekwisha. Lakini betri iliyochakaa inaweza kusoma 12.8 ikiwa imekaa tu, kisha ikaporomoka hadi 10 mara injini ya kunyonya inapozunguka. Volti bila mzigo zinakupa jina la mtu, hazikwambii afya yake.

Jaribio la kuaminika ni kuitumia. Fanya hivi:

Chaji mashine mpaka ijae. Kwa betri za risasi iache usiku mzima, ikiwezekana saa 24. Hakikisha haiko kwa mgonjwa na kuna nyingine ya akiba. Chomoa waya, anza kuhesabu muda, na uipe kazi ya kawaida. Monita iwe na mwanga kamili na ipime presha kila dakika 10. Pampu ya dripu iendeshe maji kwa mililita 25 kwa saa, ya sindano mililita 5 kwa saa. Ndiyo kasi ambazo vitabu vingi vya pampu hutumia kutaja muda wa betri. Mashine ya kunyonya inyonye maji kutoka kwenye ndoo.

Andika namba mbili: muda hadi kengele ya betri kuisha, na muda kutoka kengele hadi kuzimika. Watu huandika ya kwanza tu. Ya pili ndiyo inayomlinda mgonjwa, kwa kuwa ndiyo nafasi ya muuguzi kukimbilia soketi au ambu, ule mfuko wa kumpumulishia mgonjwa kwa mkono. Mashine inayolia na kuzimika ndani ya dakika moja au mbili haifai, hata kama ilidumu saa nzima kabla ya hapo.

Linganisha na muda uliotajwa kwenye kitabu au uliopata betri ilipokuwa mpya. Ikishuka chini ya asilimia 80, agiza nyingine. Kwa kifaa kisicho cha kundi la kwanza unaweza kuivumilia hadi nusu, ila kibandike muda halisi: "Dakika 25 tu." Kisha ichaji upya mara moja. Betri ya risasi haipaswi kulala tupu hata usiku mmoja.

Mara ngapi? Kundi la kwanza kila baada ya miezi 6, yaliyobaki mara moja kwa mwaka. Kifaa cha kushtua moyo cha wodini ni habari tofauti. Hujaribiwa kila siku kwa utaratibu wa mtengenezaji, na jaribio lifanyike kikiwa kimechomolewa ukutani. Ukikijaribu kikiwa kwenye umeme, umejaribu umeme. AED hujikagua yenyewe. Kazi yako ni kuitazama taa au alama yake kila zamu.

7. Utunzaji wa kila siku

Joto kwanza. Betri ya risasi hupoteza nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25. Ile iliyoahidiwa miaka minne, ukiiweka kwenye chumba cha nyuzi 35 chini ya bati huko Lindi au Mombasa, itegemee miaka miwili. Kwa hiyo UPS isikae juu ya kabati karibu na dari, mashine isichajiwe dirishani juani, na matundu ya feni yasizibwe na mafaili. Kupanguza vumbi ni kazi ya dakika moja inayorefusha umri wa betri kuliko dawa yoyote ya kuifufua inayouzwa mtandaoni.

Mashine zenye betri za ndani zibaki zimechomekwa wakati hazitumiki, na swichi ya soketi iwe imewashwa. Nalitaja kwa sababu hutokea: waya umechomekwa vizuri, swichi imezimwa na aliyefagia, na betri inaisha kimyakimya wikiendi nzima.

Za akiba zilizoko stoo zina sheria mbili zinazopingana. Ya risasi ihifadhiwe imejaa na kuchajiwa tena kila miezi 3 hadi 6. Kwenye joto, kila 3. Ya lithiamu-ayoni ihifadhiwe na chaji ya nusu hivi, mahali pa baridi kiasi, wala si ndani ya friji ya chanjo. Alkalaini zitoe kwenye kifaa kisichotumika kwa mwezi au zaidi, maana zikivuja hula chemchemi na saketi.

Betri iliyovimba, inayonuka au inayochemka isichajiwe tena hata mara moja. Itoe nje, mbali na vitu vya kuungua. Betri ya maji, yaani ile ya gari, hutoa haidrojeni inapochajiwa, kwa hiyo isichajiwe wodini, hasa penye mitungi ya oksijeni.

8. Bajeti

Betri ni kitu cha kutumika na kuisha, iwekwe kwenye fungu moja na glavu na karatasi za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) badala ya kusubiri fungu la matengenezo makubwa. Hesabu ni nyepesi: pampu 12 ambazo betri zake hudumu miaka mitatu zinadai betri 4 kila mwaka, zihitajike au la. Majokofu ya chanjo yanayotumia sola yalitoa funzo kubwa hapa. Mengi ya yale ya mwanzo yalisimama betri zilipochoka na hakuna aliyetenga pesa ya nyingine. Baadaye yakaja majokofu yanayounganishwa moja kwa moja na paneli, yanayohifadhi ubaridi kwenye barafu badala ya kuhifadhi umeme kwenye betri. Kama unaagiza jokofu la chanjo kwa zahanati isiyo na umeme, agiza la aina hiyo.

9. Nyumbani

Anayetumia mashine ya oksijeni nyumbani awe na mtungi wa akiba. Inveta ni ya kununua muda tu. Betri za vifaa vya kusikia za zinki huanza kufanya kazi ukibandua karatasi yake, na kuirudisha hakuizuii kuendelea kuisha, basi bandua ya siku hiyo tu.

Vibetri bapa vifiche mbali na watoto. Kikikwama kwenye umio wa mtoto kinaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Ukishuku kimemezwa, mkimbize hospitali yenye eksirei bila kungoja dalili, wala usimtapishe. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja na anaweza kumeza, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, visizidi vipimo sita, na asali isiwe sababu ya kuchelewa.

10. Zilizokufa

Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido aliyepigania mtaa huo alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kumbuka hilo mnunuzi wa vyuma chakavu anapofika getini na mkokoteni akiulizia betri za UPS.

Za risasi zikusanye kwenye beseni la plastiki, zisipasuliwe, asidi isimwagwe. Uza kwa mrejeleshaji mwenye kibali tu. Uliza mamlaka ya mazingira: Tanzania NEMC, Kenya NEMA. Za lithiamu ziba vichwa kwa utepe wa plastiki, moja moja, na uzihifadhi kwenye chombo chenye mchanga mkavu hadi zichukuliwe. Betri yoyote isiingie kwenye tanuri la taka za hospitali: lithiamu hulipuka, na risasi na kadimi hupanda na moshi. Kila betri inayotoka ifutwe kwenye daftari la hatua ya kwanza, na tarehe ya ile iliyochukua nafasi yake iandikwe mstari uleule.